Jipu la midomo mingi: Tembe tamu zisikucheleweshe hospitalini

JIPU moja likichomoza kisogoni, wengi kuanzia Diani hadi Msambweni hulichukulia kuwa jambo la kawaida katika nchi ya joto na jasho. Lakini majipu kadhaa yanapoungana chini ya ngozi na kutoa usaha kwa midomo mingi, hayo ni maradhi yanayohitaji daktari.

Chanzo chake ni bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, ambaye huishi puani na kwenye ngozi za watu wengi bila ya kuwadhuru. Ngozi inapokwaruzwa na wembe, ukosi wa shati au mzigo wa begani, hupenya kwenye mashina ya vinyweleo na kuzama ndani.

Wenye kisukari wamo hatarini zaidi, kwani sukari inapozidi, uwezo wa mwili kupambana na vijidudu hupungua. Wapo wanaogundua kuwa wana kisukari siku wanapokwenda kutibiwa jipu.

Miongoni mwa tiba zinazotumiwa ni homiopathia, iliyoasisiwa na daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, mwaka 1796. Msingi wake ni kwamba kinachomletea mtu mzima dalili fulani humponya mgonjwa mwenye dalili hizo, kikitolewa kwa kipimo kidogo mno.

Kwa majipu, waganga wake hutoa tembe kama Hepar Sulphuris, ambayo asili yake ni ganda la chaza, jamaa wa wale wanaoganda kwenye mikoko ya Gazi, lililochomwa pamoja na salfa.

Hata hivyo, tembe za kipimo cha 30C huwa dawa yake imezimuliwa mara 30, kila mara sehemu moja kwa 100. Kiasi hicho hakibakishi chembe ya ganda. Mwaka 2015, baraza la utafiti wa tiba la Australia lilipitia tafiti nyingi na kuamua kuwa hakuna ugonjwa wenye ushahidi wa kutegemewa kwamba homiopathia huutibu.

Mbona basi wapo wanaoapa kuwa iliwaponya? Jipu la kawaida huiva na kupasuka lenyewe, na aliyekuwa akitumia tembe huzipa sifa hizo.

Jipu la midomo mingi si hivyo. Usaha wake umegawanyika katika vijumba vingi, na mara nyingi daktari hulazimika kulipasua, kulisafisha na kutoa antibiotiki.

Nyumbani, mgonjwa alikande kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu, asilikamue, wala asishiriki taulo au wembe na wenzake.

Akipata homa au kutetemeka, uvimbe ukienea, au jipu likiwa usoni, aende hospitalini siku hiyo hiyo. Na hata likipoa, apimwe sukari. Huenda jipu lilikuwa dalili tu ya maradhi makubwa zaidi.