Siku Tisa Bagamoyo Kabla ya Kufika Nyumbani

Kama umewahi kuhama nyumba, hata kwa kuvuka mtaa mmoja tu, unaijua kazi yake. Sufuria hukataa kuingiana, kabati linalegea misumari, na kile kitu kidogo unachokihitaji leo usiku kimefungwa chini kabisa ya magunia yote. Sasa fikiria kuhama nchi. Mwaka 2023 sisi wawili, mume na mke, tulimaliza miaka 11 ya kufanya kazi Lusaka, Zambia, tukarudi kwetu Kenya. Katikati ya safari hiyo tulipumzika siku tisa Bagamoyo, nchini Tanzania. Akina mama wenzetu kanisani wameuliza mara nyingi ilikuwaje watu wenye mizigo njiani na jamaa wanaowangoja nyumbani wakathubutu kwenda kukaa ufukweni. Maelezo yake ni haya.

Sababu ya kwanza ilikuwa ya kawaida kabisa. Nyumba tuliyoipanga Voi ilikuwa na mpangaji mwingine hadi mwisho wa mwezi, na lori lililobeba vyombo vyetu lilihitaji karibu majuma mawili kupita mipaka miwili. Tungefika mapema, tungelala sebuleni kwa ndugu, tukijibu maswali kutoka asubuhi hadi jioni: mmeleta nini, mlijenga wapi, sasa mtafanya kazi gani. Tunawapenda ndugu zetu. Lakini mtu aliyetoka kuagana na majirani wa miaka 11 hana majibu mengi kinywani.

Sababu ya pili hatukuisema kwa watu. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa bweni Kenya tangu kidato cha kwanza, na wakubwa wake wamekwisha kujitegemea. Tulikuwa tumebaki wawili mezani, na miezi mitatu ya kufunga mizigo ilikuwa imetugeuza kuwa karani na mchukuzi. Tulizungumza habari za risiti, kamba na makasha. Jioni kila mmoja alilala akiwa amechoka na ameelekea ukuta wake.

Fedha tulizipanga hivi. Sehemu ndogo ya kiinua mgongo tuliiweka katika bahasha yake, tukakubaliana kwamba bahasha ikiisha mapumziko yameisha. Tulichagua nyumba ya wageni yenye feni na chandarua, si hoteli kubwa. Chakula cha mchana tulikula kwa mama lishe. Kisha tukapiga simu kwa Mama, yaani mzazi wa Baba watoto, ambaye alikuwa amekwisha kutenga mbuzi wa kutupokelea huko Taita. Tulimwamkia, tukamweleza wazi kwamba tutachelewa, na sababu yake. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, “Haya, pumzikeni wanangu. Mbuzi mtamkuta, yeye hana safari.”

Mizigo na mwili

Hapa tuseme machache yatakayomfaa dada anayejiandaa kurudi nyumbani. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamruhusu mtu anayehamishia makazi yake ndani ya Jumuiya kuingiza bila ushuru vyombo vya nyumbani alivyokuwa akivitumia huko atokako. Gari ni moja, nalo awe amelimiliki na kulitumia miezi 12 au zaidi, tena lina masharti mengine, kwa hiyo ulizia forodha mapema, usingoje mpaka ufike mpakani. Andika orodha ya kila kasha, nakala tatu. Orodha yetu ilikuwa na kurasa saba, na kinu cha kutwangia kimeandikwa humo pia.

Dawa zako za presha au kisukari zisiende na lori! Ziwe mkobani, za mwezi mzima, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Cheti hicho, tangu Julai 2016, kinahesabiwa kuwa halali maisha yote ya mwenyewe, usikubali kuambiwa kwamba kimekwisha muda. Na katika basi la siku mbili, simama kila linaposimama. Tuliposhuka Dar es Salaam, baada ya Nakonde, Tunduma, Mbeya, Iringa na Morogoro, miguu yetu ilikuwa imevimba kama ya mama mjamzito wa miezi minane, na mmoja wetu ni muuguzi anayewafundisha wengine mambo hayo.

Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni kama kilomita 70 kuelekea kaskazini, kupitia Tegeta, Bunju na Mapinga. Wananchi wa Jumuiya hatuombi viza kuingia Tanzania, ni pasi ya kusafiria tu. Ilikuwa Julai, wakati wa kipupwe. Pepo za kusi zilikuwa zikivuma, hewa ni ya ubaridi, na majahazi yaliyotandaza matanga yalikuwa yakielekea kaskazini, upande wa kwetu.

Mahali pa kubwaga moyo

Jina la mji huo wenyeji hulifafanua kwa njia mbili. Bagamoyo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Mpagazi aliyefika na pembe za ndovu alitua mzigo, akaubwaga moyo wake, akapumua. Lakini mtumwa aliyefungwa minyororo aliuona mji uleule kuwa mahali pa kuuacha moyo, kwa sababu mbele yake ilikuwa bahari na hakutegemea kurudi. Sultani Barghash wa Zanzibar alipiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari mwaka 1873. Ni vizuri kuzijua maana zote mbili. Watalii wengi hupenda ile ya kwanza tu.

Sisi si Wakatoliki, lakini mahali tulipokaa kwa muda mrefu zaidi ni katika misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868. Walikomboa watumwa, wengi wao watoto, wakawajengea kijiji cha uhuru. Leo pana jumba la makumbusho, kanisa la zamani lenye mnara, na makaburi. Tulisimama makaburini tukisoma miaka ya kuzaliwa na ya kufa. Wengi walikuwa vijana. Homa iliwamaliza kabla hawajazoea jua la pwani, wala wakati ule hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye mkosaji. Ronald Ross aligundua vimelea vya malaria ndani ya mbu huko India mwaka 1897. Kwa muuguzi hili lina uzito wake, kwa sababu watoto wa Bagamoyo hiihii walishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Kenya, Ghana na Malawi zilianza kuitumia mwaka 2019, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa matumizi mapana mwaka 2021. Mama aliyekubali mtoto wake achomwe sindano ya majaribio hajengewi mnara, lakini tulimkumbuka pale.

Kilichotugusa zaidi ni habari za Livingstone, si kwa ajili yake hasa, bali kwa ajili ya waliombeba. Alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, kule tulikotoka sisi. Watumishi wake Susi na Chuma, na wenzao, waliuzika moyo wake palepale chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miezi mingi hadi pwani. Walifika Bagamoyo Februari 1874, na mwili ukalazwa kanisani kabla ya kuvushwa Zanzibar, kisha Uingereza, ambako ulizikwa Westminster Abbey Aprili mwaka huo. Katika msafara wale walikuwamo wanawake pia. Halima, mpishi, alikuwa mmoja wao. Vitabu humtaja kwa sentensi chache. Lakini mwenye kuwahi kuhamisha jiko la nyumba anaweza kuhesabu mwenyewe: watu kadhaa wanatembea miezi tisa, na kila jioni wanataka kula.

Tulikaa kwenye benchi chini ya miembe tukawaza juu ya moyo ule uliobaki Zambia. Watu wa Lusaka walitusaidia kulea watoto. Jirani yetu mmoja alitufulia siku ambazo mmoja wetu alilazwa. Kuhama ni msiba wa aina yake, ingawa hapana jeneza, na ukimwona dada aliyerudi nyumbani analia bila sababu usimwambie hana shukrani.

Mazungumzo ya Kaole

Siku ya sita tulikwenda Kaole, kilomita chache kusini ya mji. Pana magofu ya msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo ndefu za mawe. Zamani ilikuwa bandari. Mikoko ikaota, matope yakajaa, vyombo vikashindwa kuingia. Bandari imekufa kidogo kidogo bila vita.

Ni hapo ndipo tulipozungumza jambo tulilokuwa tumelizunguka tangu Lusaka. Mama yetu ana kisukari na presha, naye anaishi peke yake. Mmoja wetu alikuwa ameamini miezi yote kwamba mke atakaa Taita amtunze, na mume atafute kazi Mombasa. Mwingine alikuwa ameamini kwamba Mama atahamia Voi nasi, na kwamba muuguzi mwenye miaka 20 kazini ataendelea na kazi yake. Hakuna aliyekuwa amemuuliza mwenziwe, na Mama hakuulizwa na yeyote.

Sauti zilipanda. Kiongozi wetu, kijana mwenye adabu, alikwenda kuangalia mbuyu aliokwisha kuuona mara elfu.

“Baba, mimi si dawa ya kuwekwa kabatini mwa Mama.”

“Na mimi, Mama, nimlipe nani amwangalie aliyenizaa?”

Tulirudi mjini kimya, tukala samaki wa kukaanga bila kutazamana. Usiku tuliomba, kwa kifupi, maana mtu mwenye hasira haombi kwa maneno mengi. Asubuhi tulinunua daftari la shule tukaandika. Kwanza, Mama mwenyewe aulizwe. Pili, mke wa shemeji, anayeishi jirani na Mama, alipwe kila mwezi kwa kazi anayoifanya tayari bure. Tatu, Mama aje Voi kila juma la kliniki. Nne, mume akipata kazi Mombasa arudi kila Ijumaa, kwa basi au kwa treni inayosimama Voi. Tano, baada ya mwaka mmoja tukae chini tena. Tulitia sahihi wote wawili, tukacheka, kwa kuwa kuhama kulikuwa kumetuzoesha kutia sahihi kila kitu.

Siku mbili zilizobaki zilikuwa tamu kuliko saba zilizotangulia. Tulikodi gari pamoja na wageni wengine tukaenda Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambako wanyama wa porini na bahari vinakutana. Tuliona twiga, na viboko wa mto Wami. Kasa wa kijani hutaga mayai katika fukwe zake, lakini hatukubahatika kumwona hata mmoja. Kilichotufurahisha zaidi kilikuwa cha bure: kukaa ufukweni Bagamoyo alasiri, maji yakiwa yamekupwa mbali, mashua zimelala ubavu juu ya mchanga, na mnada wa samaki umepamba moto. Tulijifunza upya kutembea pamoja bila kwenda popote.

Bahasha iliisha siku ya tisa, ikabaki nauli. Tulipita barabara ya lami ya Msata, tukashika njia kuu ya Segera na Tanga, tukavuka Horohoro kuingia Lungalunga.

Mama alipoulizwa alituambia hataki kabisa kuhamia Voi, kwa sababu kuku wake hawapendi joto. Kliniki atakuja. Na yule shemeji alipopewa malipo yake ya kwanza, aliyahesabu mara mbili, akamnunulia Mama viatu vya kufunika vidole, vile ambavyo muuguzi alikuwa akimsihi kwa simu miaka mitatu avivae.