Anwani Moja, Tovuti Nyingi

Kuna hoja inayozuka chamani kila tunapotaja tovuti yetu wenyewe: ati shule ina tovuti tayari, kwa hivyo chama kikitaka yake sharti inunuliwe seva nyingine yenye anwani nyingine ya intaneti. La hasha! Seva moja yenye anwani moja hubeba hata tovuti mia.

Hebu fikiria sanduku la posta. Hapa Kariandusi barua zetu hupitia Gilgil, na sanduku la shule ni moja tu. Mbona basi barua ya mwalimu mkuu haimfikii mpishi? Kwa sababu juu ya bahasha pana jina. Nambari ya sanduku huileta barua shuleni. Jina huifikisha kwa mwenyewe.

Intaneti nayo ni vivyo hivyo. Ukiandika jina la tovuti, kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa, huuliza kwanza jina hilo lina nambari gani. Majina mawili yanaweza kuwa na nambari ile ile, hakuna ubaya. Kisha ombi hutumwa kwa nambari hiyo, na ndani yake jina hutajwa. Seva husoma jina, ikafungua folda ya tovuti inayotakiwa, basi. Jina lisipotambulika je? Programu ya seva kama Apache hutoa tovuti iliyo ya kwanza katika orodha yake, kama karani anayepeleka ofisini barua isiyojulikana ni ya nani.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani ombi lilisema tu, "Nipe ukurasa wa kwanza," bila kusema wa nani! Ndipo kila tovuti ikahitaji nambari yake. Itifaki ya HTTP 1.1, iliyotoka Januari 1997, ndiyo iliyolazimisha jina litajwe. Afadhali, maana nambari za aina ya IPv4 ni 4,294,967,296 tu kwa dunia nzima, na Februari 2011 ghala kuu liligawa mafungu ya mwisho.

Lakini palibaki fumbo. Tovuti ya https ni kama bahasha iliyotiwa lakiri: seva hutakiwa kuonyesha cheti cha tovuti kabla ombi halijafunguliwa, nalo jina limo ndani. Sasa ionyeshe cheti cha nani? Mwaka 2003 ikachapishwa nyongeza iitwayo SNI, inayoandika jina nje ya bahasha. Mpita njia aweza kulisoma jina, ndiyo, ila yaliyomo hayaoni.

Sitawaficha kwamba ujirani huu una hasara zake. Seva ikizimika, wote gizani. Jirani akitawanya barua taka hadi anwani ifungiwe, nanyi mmefungiwa naye. Hata hivyo, kwa chama chenye mfuko kama wetu, mimi nasema tukubali kuwa wapangaji.

Jina lenyewe halitugharimu usajili mpya. Majina ya shule nchini Kenya huweza kuishia na .sc.ke, mbele ya jina la shule tutanguliza neno "kiswahili" na nukta. Msimamizi wa seva ataliongeza katika orodha, alielekeze kwenye nambari ile ile, kisha atufungulie folda. Insha na mashairi ya kuijaza, hiyo ni kazi yetu wanachama.