Krismasi hii, meno yako yasitozwe kila saa

Hesabu hii wateja wetu wanaijua bila kufundishwa: ukimtumia mama shilingi 1,000 mara moja, unatozwa ada mara moja. Ukizituma 200 leo, 200 kesho, 200 kesho kutwa, kila muamala unakuja na ada yake, na ukija kuangalia salio unashangaa pesa zimeenda wapi. Meno nayo hutozwa hivyo hivyo.

Kila unapokula au kunywa kitu chenye sukari, bakteria walio mdomoni huigeuza sukari hiyo kuwa asidi, na asidi hiyo hunyonya madini kwenye ganda gumu la nje la jino. Mate ndiyo huja kurekebisha mambo, lakini kazi hiyo huyachukua kama nusu saa, wakati mwingine saa nzima. Sasa chukua watu wawili kwenye sherehe moja. Wa kwanza amekunywa soda yake yote pamoja na pilau, akamaliza. Ametozwa mara moja. Wa pili alifungua yake saa nne asubuhi, na saa nane mchana bado anapiga funda moja, anaiweka chini, anaongea, anapiga lingine. Soda ni ile ile, bei ni ile ile, lakini meno ya huyu wa pili hayajapumzika hata kidogo.

Ndiyo maana hatutakuambia uache chapati, mbuzi choma wala keki. Hivyo kuleni. Kinachoumiza meno zaidi Desemba ni vile vya katikati: peremende mfukoni mwa mtoto kutwa nzima, biskuti kwenye matatu ya kwenda ushago, juisi ya pakiti kila akilia. Halafu kuna chai. Ukitembelea nyumba tano siku moja, kila nyumba ina kikombe chake chenye sukari vijiko vitatu, na kukataa ni kama kumtusi mwenye nyumba. Omba isiyo na sukari, hilo halimkasirishi mtu, na ukimaliza sukutua kwa maji. Soda na keki za watoto ni afadhali wazipate wakati wa chakula, kisha jagi la maji libaki mezani hadi jioni.

Jambo moja watu hulikosea kwa nia njema: kupiga mswaki mara tu baada ya soda au juisi ya machungwa au maembe. Wakati huo jino limelainika juu, na mswaki unalisugua likiwa hivyo. Subiri nusu saa au zaidi. Mswaki usiokubali kukosa ni ule wa kabla ya kulala, hata kama wageni wameondoka saa sita usiku. Tumia dawa ya meno yenye floridi, tema povu, na usijisuuze kwa maji mengi ili dawa ibaki kwenye meno. Mtoto wa chini ya miaka 3 anahitaji dawa kiasi cha punje ya mchele tu. Kwa wale wa Nakuru, Naivasha na sehemu nyingine za Bonde la Ufa ambako maji ya visima huwa na floridi nyingi na meno ya watoto hutoka na madoa ya kahawia, muulize daktari kabla ya kuchagua dawa ya mtoto.

Meno mengine hayaozi, yanavunjwa. Kifuniko cha chupa hakifunguliwi kwa meno, hata kama mjomba anaweza. Mfupa wa mbuzi una utamu ndani, sawa, ila upasue kwa kisu. Na ndengu zichaguliwe mawe mchana, si usiku kwa mwanga wa simu.

Mtoto akianguka na jino la ukubwani likang'oka zima, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi wala kuusugua. Likiwa chafu, lisuuze kidogo tu. Liweke kwenye kikombe cha maziwa baridi, kisha mkimbilie daktari wa meno. Likirudishwa ndani ya saa moja, lina nafasi nzuri ya kushika tena. Jino la utoto usijaribu kulirudisha.

Jino likianza kuuma usiku wa tarehe 25, karafuu hutuliza kwa muda, na dawa ya maumivu ya kumeza pia, kwa kipimo kilichoandikwa. Usiweke aspirini juu ya ufizi, itakuunguza. Uso ukivimba pamoja na homa, au ukishindwa kumeza, hapo si jambo la kusubiri Januari. Nenda hospitali usiku huo huo.

Tunajua kwa nini watu husubiri. Januari ina karo. Lakini tundu dogo huzibwa mara moja na mambo yakaisha. Likifika kwenye mzizi, matibabu huwa marefu na gharama yake hupanda mara kadhaa. Wengi basi huamua jino ling'olewe kwa sababu ndilo jambo rahisi siku hiyo, halafu pengo nalo linakuja na bili yake. Kama kuna jino linalokusumbua ukinywa kitu baridi, lionyeshe kabla ya kusafiri. Unaweza kuweka kidogo kila wiki kwenye akiba ya simu, kando na pesa za matumizi, ili bonasi ikiisha bado kuna kitu.

Ukitafuta kliniki, hakikisha daktari amesajiliwa na KMPDC. Wakati wa kulipa, soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka PIN. Likiwa geni, uliza. Na ukipigiwa simu ati jamaa yako yuko hospitalini na pesa zinahitajika sasa hivi, mpigie huyo jamaa kwa namba yake unayoijua kabla ya kutuma chochote. Ujumbe wa malipo ya kliniki usiufute. Matibabu ya jino mara nyingi huhitaji kurudi mara ya pili, na wakikuuliza kama ulilipa, utawaonyesha huo.