Simba na Jamaa Yake

Watu wengi humwita simba mfalme wa wanyama, wakidhani kwamba dume mwenye manyoya marefu shingoni ndiye mwenye mji, na kwamba hutawala apendavyo. Lakini wataalamu ambao tangu mwaka 1966 wamewachungua simba wa Serengeti, nchini Tanganyika ya zamani, wameona kuwa sivyo. Mji wa simba ni wa majike.

Jike kwa kawaida hukaa katika nchi aliyozaliwa, pamoja na mama yake, dada zake na mama zake wadogo. Hao ndio waijuao nchi: mahali penye maji wakati wa kiangazi, na kichaka kifaacho kuvizia nyumbu na punda milia. Jike huchukua mimba siku 110 hivi, kisha hujitenga na kuzaa mafichoni, mara nyingi watoto wawili, watatu au wanne. Baada ya majuma machache huwaleta kwa wenzake; na ikiwa majike wengine wamezaa wakati ule ule, watoto huweza kunyonya hata kwa asiye mama yao.

Vijana wa kiume hawana urithi pale. Wapatapo miaka miwili au mitatu hutolewa, wakawa watembezi, aghalabu ndugu wawili au watatu pamoja. Wakiisha kupata nguvu hutafuta jamaa nyingine na kupigana na madume wailindao. Wakishinda, huwaua watoto wachanga waliowakuta. Jambo hili ni la kikatili, lakini lina sababu yake. Jike anyonyeshaye hamkubali dume. Bali akifiwa na watoto, haukawii wakati wa kupata mimba tena. Nao washindi hawana siku nyingi, kwani baada ya miaka michache huja wengine kuwatoa.

Kwa hiyo dume alalaye mchana kutwa asidhaniwe kuwa hana kazi. Usiku hunguruma, na sauti yake yaweza kusikika umbali wa kilometa nane. Hilo ni onyo kwa wageni. Akiuawa kwa mkuki au sumu, msiba hauishii kwake: wageni huingia, na watoto wake huangamia.

Mambo haya yamhusu mfugaji pia. Wale vijana wasio na nchi hutangatanga hata nje ya mbuga za hifadhi, wakafika karibu na maboma. Wazee husema, "Simba mwenda kimya ndiye mla nyama," na ni kweli, kwani awindaye hangurumi. Ng'ombe wakinusa harufu yake hushtuka, wakavunja ua, naye huwakamata nje. Basi yafaa ua uwe imara na mrefu, mlango ufungwe kabla ya giza, na mbwa wawepo wa kubweka. Karibu na mbuga ya Nairobi wafugaji wengine wametundika taa ziwakazo na kuzimika zenyewe, ili simba adhani kuna mtu anayezunguka na taa.

Sumu katika mzoga haichagui: huua fisi, tai, na hata mbwa wa mwenye kuiweka. Tena mwenye kumwua dume mlinzi huenda akawa amewafungulia mlango wale watembezi.