Gamba la kobe si jiwe: namna ya kutunza kobe aliyepasuka gamba



Kila mwaka, miezi ya Septemba na Oktoba, wakati tunafyeka na kulima mbele ya mvua, swali moja linarudi katika mikutano ya koperative zetu za Haut-Katanga. Kobe alikuwa amelala chini ya majani makavu, jembe likamupata mgongoni. Ao moto wa pori ulipita, akabaki na gamba lililoungua. Watoto wamemuleta nyumbani, wanamuonea huruma, na mama anauliza: «Agronomi, tutamufanya nini huyu?»

Wengine watacheka: mbuzi zinakufa, muhogo unaoza, na ninyi munaandika juu ya kobe! Tunaandika kwa sababu mbili. Ya kwanza, kobe ni wengi katika lupango zetu, watoto wanawafuga na kuwapenda. Ya pili, kosa linaloua kobe aliyepasuka ndilo lile lile linaloua mbuzi mwenye kidonda. Mwenye kulielewa kwa kobe atalielewa kwa mbuzi pia.

Kosa letu sisi wenyewe

Tuanze na kosa letu. Miaka michache iliyopita, mama mumoja mwanamemba alitupigia simu. Kobe wa watoto wake alikuwa amepasuliwa na jembe, ufa wa urefu wa kidole. Sisi, bila kumuona, tulimwambia: «Mama, panguza vumbi, kiisha ujaze ufa na kole, uchafu usiingie.» Alifanya vile tulivyosema. Kole ikakauka, gamba likaonekana zima, watoto wakafurahi.

Nyuma ya wiki tatu kobe akaacha kula, harufu mbaya ikaanza kutoka. Tulipotoa kole, chini yake kulikuwa usaha na mfupa uliooza. Kobe alikufa siku ya pili. Yule mama hakutulaumu, lakini mtoto wake mdogo alituuliza: «Si mulisema atapona?» Tangu siku hiyo tulienda kuuliza wanganga wa wanyama, na haya munayosoma ndiyo tuliyojifunza kwao.

Gamba ni nini?

Watu wengi wanafikiri gamba ni nyumba ambayo kobe anabeba, kama konokono. Sivyo. Gamba ni mfupa. Mbavu na uti wa mgongo wa kobe vimeungana na mfupa ule, havitoki. Juu ya mfupa kuna vigae vyembamba, vya aina moja na kucha zetu. Kigae hakina damu, lakini mfupa ulio chini yake unayo, na unasikia maumivu. Kwa hiyo gamba lililopasuka ni mfupa uliovunjika wenye kidonda wazi, sawa na mtu aliyevunjika mguu, mfupa ukatokeza inje.

Jambo lingine: mapafu ya kobe yako juu, chini tu ya gamba la mgongo. Ufa wa mgongoni ukiingia sana unaweza kufika kwenye mapafu. Na usaha wa kobe hautiririki kama wa mtu ao wa mbuzi. Unaganda, unakuwa mgumu kama bukari iliyolala. Hautatoka wenyewe. Ukiufunga ndani, utabaki pale ukila mfupa.

Mbele ya yote: ni ufa ao ni bawaba?

Kobe wengi wa pori zetu za miombo wana kiungo katika gamba la mgongo, upande wa nyuma. Kiungo hiki ni kama bawaba ya mlango: kobe akiogopa, anashusha sehemu ya nyuma ili afunge miguu yake. Kwa kobe mdogo hakionekani, kinakuja akikomaa. Tumekwisha kuona mtu anataka kupaka kole kwenye bawaba hii, akifikiri kobe amevunjika!

Angalia vizuri. Bawaba iko pande mbili sawasawa, kushoto na kuume, haina damu wala ncha kali, na inacheza bila kumuumiza. Ufa unaenda ovyo, unakata vigae katikati, una damu ao maji maji. Kama ni bawaba, muache kobe aende zake.

Siku ya kwanza: ufanye nini?

Nawa mikono na sabuni mbele na nyuma. Kobe anaweza kubeba vijidudu vinavyoitwa salmonela, vinavyoharisha watu, na vibaya zaidi kwa watoto wadogo. Watoto wasio na miaka 5 wasimushike hata kidogo.

1. Kama damu inatoka, bonyeza na kitambaa safi dakika 5 mpaka 10, bila kufunua funua.

2. Tengeneza maji ya chumvi: lita 1 ya maji yaliyochemka na kupoa, na kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi, ni kusema gramu 9 hivi. Mimina pole pole juu ya kidonda mpaka udongo na majani vitoke. Shika kobe kwa namna maji yatatiririka kwenda inje, yasiingie ndani ya mwili.

3. Kama kidonda kinaingia ndani ya mwili, ukiona nyama inapanda na kushuka na pumzi, ao mapovu yanatoka kwenye ufa, usimimine kitu. Funika na kompresi safi iliyolowa maji ya chumvi, umupeleke kwa munganga wa wanyama siku ile ile.

4. Kama kidonda hakiingii ndani, pitisha Bétadine ya njano iliyochanganywa: sehemu 1 ya dawa ndani ya sehemu 10 za maji. Rangi iwe kama chai nyepesi. Usitumie ile nyekundu ya kunawia.

5. Kipande cha gamba kinachoning'inia usikingoe. Mara nyingi kingali na damu, na munganga anaweza kukirudisha mahali pake.

6. Funika na kompresi, funga na sparadra, weka kobe katika katoni yenye kitambaa safi ao karatasi za gazeti. Usiweke muchanga wala majani makavu. Juu ya katoni tandika kipande cha chandarua. Nzi akitaga mayai kwenye kidonda, kesho yake utakuta funza.

Angalia pia miguu ya nyuma. Kama ufa uko katikati ya mgongo na miguu ya nyuma haivuti, uti wa mgongo umeguswa. Huyo ni wa munganga, si wa nyumbani.

Vitu ambavyo havifai

Kole, simenti, rangi, lami: hapana. Mafuta ya moteri, petroli, kreolini, alkoli, javeli, majivu, dawa ya meno: hapana. Vingine vinachoma nyama hai, vingine vinafunga uchafu ndani. Tunajua kwamba vingi vya vitu hivi viko karibu na mkono, na munganga yuko mbali. Lakini maji ya chumvi nayo yako karibu, na yanashinda vyote hivyo.

Onyo kubwa liko juu ya ivermektini. Wengi wetu tunayo, tunadunga mbuzi juu ya minyoo na upele. Kwa kobe dawa hii ni sumu. Inaingia katika mishipa ya fahamu, kobe analegea, anashindwa kupumua, anakufa. Hata kidogo kidogo usimupe, hata ukiona kupe juu yake. Kupe mutoe kwa kibano.

Na antibiotiki ya mbuzi pia usimudunge kwa kukisia. Mwili wa kobe unatumia dawa pole pole kuliko wa mbuzi, kipimo si kimoja, na siku za kurudia si zile zile.

Wiki zinazofuata

Kazi sasa ni uvumilivu. Kila siku fungua, osha na maji ya chumvi, weka kompresi mpya. Kidonda kikiwa na maji maji mengi, unaweza kupaka asali safi chini ya kompresi. Asali inavuta uchafu na vijidudu haviipendi, na wanganga wa wanyama nao wanaitumia. Lakini iwe asali kweli, si ile iliyochanganywa na sukari ya kuchemsha. Kidonda kikikaa kikavu na chekundu safi, unaweza kubadilisha kila siku mbili ao tatu.

Joto ni dawa. Damu ya kobe inafuata hewa: kukiwa baridi, mwili unalala, na kidonda hakiponi. Anahitaji joto la digri 26 mpaka 30. Munajua usiku wa mwezi wa Juni na Julai Lubumbashi unavyouma. Usiku muingize ndani, weka pembeni yake chupa ya maji ya moto iliyofungwa na kitambaa. Usimuweke karibu na mbabula: moshi na moto vinaua. Muchana apate jua la asubuhi, na kivuli pembeni ili achague mwenyewe.

Maji ya kunywa ni katika kisahani kifupi, yasifike kwenye kidonda. Usimutumbukize katika beseni. Chakula: majani, uyoga unaoliwa, matunda, konokono. Kobe wa miombo anakula hivyo vyote. Asipokula siku mbili tatu za kwanza, usimulazimishe. Wiki nzima bila kula na bila kutembea, muite munganga.

Mfupa wa kobe unaunga pole pole. Ufa mdogo unaomba miezi, ufa mkubwa unaweza kupita mwaka. Kovu litabaki, kigae hakitakuwa laini kama zamani. Si kitu, mradi chini yake ni kugumu, kukavu, na hakuna harufu.

Aliyeungua na moto

Kobe aliyepitiwa na moto anadanganya macho. Siku ya kwanza utaona weusi tu. Nyuma ya siku ao wiki, vigae vinabanduka na mfupa mweupe unatokea. Osha vile vile, paka pomade ya kuungua yenye sulfadiazini ya madini ya feza inayouzwa farmasi, mupe maji ya kunywa. Kama macho, miguu ao mdomo vimeungua, peleka kwa munganga bila kungoja.

Munganga atafanya nini?

Wengi wanaogopa kufanya safari bure. Munganga atamutuliza maumivu, atatoa mfupa uliokufa, kama ana mashine atapiga picha. Kiisha atavuta vipande viwili vikutane: kwa skrubu ndogo na waya, ao kwa kubandika vidoana pande mbili za ufa na kuvifunga pamoja na waya. Angalia tofauti na kosa letu: kole inakaa pembeni, juu ya gamba zima, na ufa wenyewe unabaki wazi ili uoshwe. Zamani walikuwa wakifunika ufa wote na rezini. Leo wengi wameacha, isipokuwa ufa ni mpya na safi kabisa. Ufa uliolala usiku mmoja na udongo, tuuhesabu kuwa mchafu. Kama atadunga antibiotiki, mara nyingi atadunga upande wa mbele wa mwili.

Na mbuzi wetu?

Mbuzi aliyevunjika pembe, aliyechomwa na mti, aliyekatwa na mupanga: mafunzo ni yale yale. Osha kwanza, osha sana, na maji ya chumvi. Kidonda cha zamani kisishonwe wala kuzibwa juu juu. Fukuza nzi. Badilisha kila siku.

Mbele ya kuwasha moto

Kazi nzuri kuliko zote ni kutomuumiza. Wakati wa kiangazi kobe wa miombo wanalala chini ya magogo, katika mashimo na vichuguu. Mbele ya kufyeka, tuma watoto wapite na fimbo, waangalie chini ya magogo. Mukichoma, musizungushe moto pande zote nne: wacheni upande mmoja ambapo nyama wadogo wanaweza kutoka.

Na kobe wa pori akipona, murudishe pale alipookotwa. Kuna sheria ya inchi yetu ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya ulinzi wa nyama na mimea, na biashara ya kobe kupita mipaka inasimamiwa na mkataba wa CITES. Kutunza mgonjwa ni vema, kumuuza barabarani ni jambo lingine.

Mwaka jana yule mama alitupigia tena. Kobe mwingine, jembe lingine. Safari hii hakungoja maneno yetu: «Agronomi, nimekwisha kuosha na maji ya chumvi, iko mu katoni. Kole nimeitupa.» Munganga alivuta ufa na waya. Tulimuona kobe huyo mwezi uliopita, kovu lake gumu kama kucha, akila uyoga chini ya mti wa embe. Yule mtoto aliyetuuliza swali siku ile ndiye alikuwa akimubadilisha kompresi kila asubuhi mbele ya kwenda masomo. Mvua ikianza, watamurudisha pori.

Mukiwa na swali, mulilete katika mkutano wa koperative. Na kama umekwisha kumufunga kobe wako na kole, usione haya: mulete upesi, tutatafuta munganga pamoja.