Homa ya Likoma na Safari Zetu za Kyela



Mwezi huu tujifunze afya kutoka kwa wamisionari wa kwanza wa Ziwa Nyasa. Kisiwa cha Likoma kiko karibu na pwani ya Msumbiji, ingawa ni sehemu ya nchi ya Malawi. Mwaka 1885 ndugu zetu Waanglikana wa UMCA, wakiwamo Padre Chauncy Maples na Padre William Percival Johnson, walikifanya makao yao makuu.

Maisha yalikuwa magumu. Kisiwa ni kidogo, chenye mawe na mibuyu, na udongo wake hautoshelezi kilimo. Walikula samaki na muhogo, na chakula kingi kililetwa kwa mashua kutoka bara. Nyumba za mwanzo zilikuwa za matete na nyasi, ambazo hushika moto upesi. Barua na dawa kutoka Ulaya zilichukua miezi kufika.

Ziwa lenyewe lilikuwa hatari. Mwezi Septemba 1895 Maples, aliyewekwa wakfu kuwa Askofu mwezi Juni mwaka huo huo, alikuwa akirudi Likoma kwa mashua. Dhoruba ya usiku iliizamisha, naye akafa maji pamoja na mwenzake Joseph Williams. Padre Johnson aliugua macho na kubaki na uoni hafifu, lakini aliendelea kuhudumia vijiji vya pwani hadi alipofariki mwaka 1928 huko Liuli, upande wetu wa Tanzania.

Hata hivyo, adui wa kila siku alikuwa homa. Wengine walifariki kabla hata ya kujifunza vizuri lugha ya wenyeji. Wakati huo watu wengi waliamini kwamba malaria huletwa na hewa mbaya ya mabwawa. Kwinini ilikuwapo, lakini wengi waliinywa ovyo ovyo: leo nyingi, kesho hakuna. Wengine walipata homa ya mkojo mweusi, ambayo ilikuwa ikiua haraka.

Mwaka 1897 daktari Ronald Ross, akiwa India, aliona vimelea vya malaria ndani ya mbu. Miaka miwili baadaye Dk. Robert Howard alianza kazi yake katika misioni ya Likoma. Aliwahimiza wamisionari kulala ndani ya chandarua na kunywa kwinini kwa mpango, wasingoje mpaka waugue. Vifo vilipungua. Hewa ya kisiwa ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mazoea ya watu.

Kwa nini nawaeleza haya ninyi mnaokaa Ilomba, kwenye baridi? Kwa sababu sisi wa nyanda za juu tunafanana na wageni wale. Mbeya iko juu kiasi cha mita 1,700, na mbu wa malaria ni wachache. Kwa hiyo miili yetu haijazoea kupambana na ugonjwa huu. Tunateremka Kyela kununua mchele, kuzika au kusalimia ndugu, ambako joto ni kali na mbu ni wengi. Mtoto wa Kyela na mtoto wa Ilomba wanaweza kuumwa na mbu yule yule, lakini wa Ilomba akazidiwa haraka zaidi.

Tena malaria haianzi siku ile ile. Mara nyingi huanza siku 7 hadi 14 baada ya kuumwa na mbu, na pengine huchelewa zaidi. Wakati huo msafiri amekwisha kurudi nyumbani, na familia husema, "Ni mafua ya baridi tu." Hapo ndipo tunapopoteza watu.

Basi tukumbuke haya:

1. Ukisafiri kwenda ziwani, beba chandarua chenye dawa. Usitegemee cha mwenyeji.

2. Ukipata homa baada ya safari, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo upimwe damu. Mwambie mganga au muuguzi ulikotoka. Asipojua anaweza kufikiria ugonjwa mwingine.

3. Ukipewa dawa ya mseto, meza dozi zote 6 kwa siku 3, pamoja na chakula, hata ukijisikia umepona. Usimwekee jirani vidonge vilivyobaki.

4. Mama mjamzito amweleze muuguzi hali yake kabla ya kupewa dawa yoyote.

5. Mgonjwa akipata degedege, akichanganyikiwa, akitapika kila kitu, akishindwa kunywa au kunyonya, au akikojoa mkojo mweusi, mpelekeni hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

6. Mkipanda mtumbwi au mashua, vaeni jaketi okozi. Upepo wa Nyasa hubadilika ghafla.

Wamisionari wale walilipa gharama kubwa kwa sababu hapo mwanzo hawakujua homa inatoka wapi. Sisi tunajua. Baba au mama anayepanga safari ya Kyela na afungashe chandarua kwanza, ndipo afungashe nguo.