Miji ya ufukweni Uingereza inavyolipa washauri ili kuomba hela za serikali

Halmashauri inalia haina hela ya kukarabati ufukwe wake, halafu inatoa maelfu ya pauni kumlipa mtu wa kuandika ombi la hela. Kichekesho? Kwa miji midogo ya mapumziko ya pwani ya Uingereza, hali ndiyo hiyo kwa miaka kadhaa.

Chanzo ni utaratibu wenyewe. Serikali ilianzisha Levelling Up Fund, mfuko wa pauni bilioni 4.8 wa kuinua maeneo yaliyoachwa nyuma. Lakini hela hazikugawiwa moja kwa moja. Halmashauri zilishindanishwa: andika mradi, tuma, subiri. Miradi mingi iliruhusiwa kuomba hadi pauni milioni 20, mikubwa michache hadi milioni 50.

Na usidhani andiko hilo ni kurasa mbili tatu. Linataka hesabu za gharama na faida, makadirio ya ajira, michoro, mpango wa utekelezaji. Jiji kubwa lina wachumi na wahandisi wake. Mji unaojaa watu Agosti na kulala Novemba unao wachache, na bajeti za halmashauri zilipoanza kukatwa 2010, hata hao walipungua. Basi inaitwa kampuni ya washauri.

Serikali yenyewe ililijua hilo. Kwenye awamu ya kwanza, halmashauri za England zilizowekwa kundi la uhitaji mkubwa zilipewa pauni 125,000 kila moja za kuandalia maombi. Yaani serikali inakupa hela ili uweze kuiomba hela!

Wapo waliofaidika. Januari 2023, Morecambe ilipata pauni milioni 50 za kujenga kivutio kipya cha Eden Project. Kwa mji uliokimbiwa na wageni wake pale Waingereza walipozoea kupanda ndege kwenda Hispania, hiyo si hela ya mchezo.

Lakini awamu hiyo ilikuwa na maombi 525, na yaliyoshinda ni 111 tu. Jumuiya ya serikali za mitaa, LGA, imewahi kukadiria kwamba ombi moja la ruzuku ya ushindani huigharimu halmashauri wastani wa pauni 30,000 hivi. Zidisha kwa yale 414 yaliyokosa: zaidi ya pauni milioni 12. Ni hesabu ya haraka haraka, lakini unapata picha.

Kilichouma zaidi ni hiki. Maombi yakiwa yameshatumwa, mawaziri waliamua kwamba maeneo yaliyopata awamu ya kwanza yasipewe tena. Kumbe kuna halmashauri zilizotumia hela na muda kwa ombi ambalo halikuwa na nafasi. Andy Street, aliyekuwa meya wa West Midlands na mtu wa chama tawala chenyewe, alikasirika hadharani akasema huo ni utamaduni wa kutembeza bakuli.

Je, miji hii ilikosea kulipa? Kwa maoni yangu, hapana. Jirani akileta andiko la kitaalamu, wewe ukapeleka la kuungaunga, umeshashindwa. Tatizo ni kwamba mshauri akimaliza anaondoka na ujuzi wake, na dirisha jingine likifunguliwa unaanza kulipa upya. Halmashauri mbili tatu zikichangia mshahara wa mtaalamu mmoja wa kudumu, angalau ujuzi unabaki nyumbani.

Upepo sasa umeanza kubadilika. Machi 2025, serikali ya chama cha Labour ilitangaza pauni bilioni 1.5 kwa maeneo 75, hadi milioni 20 kila moja kwa miaka 10, bila kushindana. Miji ya ufukweni ya Skegness, Clacton-on-Sea na Torquay imo. Hata hivyo, bodi ya kila mji bado ilitakiwa kuandika mpango wa matumizi na kuupeleka serikalini kabla hela zenyewe hazijaanza kutoka.